Mkutano wa Mei huja pesa zikiwa zimeshagawanywa: niliyojifunza nikifuatilia chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu

Kila mwaka Aprili ikielekea Mei, gari lenye kipaza sauti hupita sokoni kwetu likitangaza kwamba wananchi wanaitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, hapa Kenya. Watu huenda. Husema yaliyowakaa moyoni, huweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, hupewa soda na mkate, hurudi nyumbani. Mwaka mwingine ukifika hakuna kilichobadilika, na gari likipita tena wengi huendelea na biashara zao. Hao ndio ninaowaandikia. Nimeshinda na mambo haya tangu mwaka wa 2022, na nataka anayeanza leo aanzie mahali ambapo sisi tulifika baada ya kuhangaika sana.

Zahanati yetu ilijengwa kwa harambee na wazazi wetu, kabla ya ugatuzi, yaani kabla kazi kama za afya hazijahamishiwa kaunti. Ina chumba cha daktari, chumba cha dawa, na chumba kimoja kinachotumika kwa chanjo, kufunga vidonda na, mama akifika uchungu umeshamkolea, kujifungulia. Kitanda kiko nyuma ya pazia la kijani. Upande wa pili wa pazia kuna benchi, na kwenye benchi watu wanasubiri sindano. Jioni mlango hufungwa. Mama anayeshikwa na uchungu saa nane za usiku hupakiwa kwenye bodaboda, mwingine akikaa nyuma yake kumshikilia, hadi hospitali ya kaunti ndogo, kwa barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Mwanachama mmoja wa chama chetu cha akiba alimpoteza mtoto njiani namna hiyo. Tulipomzika yule mtoto tulikubaliana kwamba lazima zahanati ipate chumba cha kujifungulia, na kwa kuwa mimi ndiye katibu wa chama, kazi ya kuuliza ikaniangukia.

Tulianza kwa mbunge, kwa sababu ndiye tuliyemzoea. Alitupokea vizuri, akatusikiliza, kisha akatueleza kwamba zahanati haimo mikononi mwake. Wengine wetu walitoka pale wakiwa na hasira, wakidhani anatukwepa, lakini alisema kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, maji, kilimo na shule za chekechea ni za kaunti. Shule za msingi na za upili, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, na mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge unafuata mgawanyo huohuo. Nimeona mikutano mingi ya bajeti ikiliwa saa nzima na maswali ya basari za sekondari na kituo cha polisi. Afisa wa kaunti hutikisa kichwa kwa upole na haandiki chochote. Kabla hujatoka nyumbani, hakikisha unajua ombi lako ni la serikali gani. Hiyo peke yake itakuokoa miezi.

Mwaka huo wa 2022 nchi ilikuwa imejaa siasa. Tulipiga kura tarehe 9 Agosti, kisha tukakaa kando ya redio hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wa kesi ya urais tarehe 5 Septemba. Katika chama chetu kulikuwa na wa Azimio na wa Kenya Kwanza, miungano miwili iliyoshindania urais, na wapo waliokuwa hawasalimiani. Sote macho yakiwa Nairobi, serikali mpya za kaunti zilikuwa zinajiandaa kutunga mpango wa miaka 5 wa 2023 hadi 2027, ule ambao watu wa kaunti huuita CIDP. Katika mikutano yote ya kampeni niliyohudhuria, sikumsikia mgombea hata mmoja akiutaja. Ilhali Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema pesa za umma hazitengwi nje ya mipango ya kaunti. Mradi wako usipokuwa kwenye mpango ule, utasubiri miaka 5 mingine au utategemea huruma ya mtu.

Tangazo la mkutano wa mpango huo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya msimamizi wa wadi. Mwalimu mmoja mstaafu alilikuta pale alipokwenda kuulizia leseni ya duka lake, akaja kuniambia, "Katibu, hiki kitu kinaonekana kikubwa kuliko wanavyokitangaza." Tukaenda wanne. Ukumbini tulikuwa watu wachache, na wengi walikuwa wafuasi wa mwakilishi wetu wa wadi kwenye bunge la kaunti, waliokuja kumpigia makofi. Tulisema ombi letu, tukaliandika pia kwenye karatasi tukamkabidhi aliyekuwa akinakili. Mpango ulipochapishwa, "upanuzi wa zahanati" yetu ulikuwa ndani, mstari mmoja katikati ya kurasa nyingi za Kiingereza. Tulifurahi kana kwamba mafundi wangekuja Jumatatu.

Mei 2023 tukafika kwenye mkutano wa bajeti tukiwa na mstari wetu. Nikasimama, nikausoma, nikauliza pesa ziko wapi. Afisa aliyekuwa akiongoza alijibu kwamba mradi haumo kwenye mpango wa mwaka huo wala kwenye kiwango cha idara ya afya, akamwita mtu mwingine. Nilikaa chini nikiwa na uchungu ambao sikujua niuweke wapi. Mbele yangu mama mmoja muuza mboga alikuwa amenyanyua mkono tangu asubuhi na hakupata nafasi hata mwisho.

Mkutano ulipoisha, kijana mmoja wa idara ya mipango, aliyekuwa akikusanya karatasi za mahudhurio, alinifuata mlangoni. Akaniambia, "Mama, ombi lako ni zuri lakini umelileta mwezi ambao keki imeshakatwa." Akageuza karatasi ya ajenda, akachora mstari mrefu, akaweka vitone juu yake na tarehe. Karatasi ile bado ninayo, na kilichomo ndicho hiki.

Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hupeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka utakaofuata. Hapo ndipo miradi iliyo kwenye CIDP huchaguliwa ipi itangulie. Kufikia tarehe 28 Februari hupelekwa waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaosema kila idara isizidi kiasi gani. Makadirio yenyewe ya bajeti hupelekwa kufikia tarehe 30 Aprili, na lazima yapitishwe kabla ya Juni kuisha. Kwa hiyo yule anayefika Mei na ombi jipya anaiomba idara ya afya impe pesa ambazo mwezi Februari zilishawekewa mpaka. Inawezekana, ila lazima useme kitu gani kiondolewe ili chako kiingie, na aliye na kile kitu naye amekaa ukumbini humohumo.

Ningependa tarehe hizo zibandikwe kwenye kila mlango wa kanisa, msikiti na duka la dawa nchini. Zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ni zilezile kwa kaunti zote 47, na hazibadiliki kwa sababu gavana amebadilika.

Tangu siku hiyo tukaacha kungoja gari la kipaza sauti. Julai 2023 tulianza kuandaa barua ya mpango wa mwaka wa 2024/25. Mwalimu mstaafu alisisitiza iwe ukurasa mmoja. Tuliandika jina la mradi vilevile lilivyo kwenye CIDP, bila kubadilisha hata neno, ili asije mtu akasema ni mradi mwingine. Tuliomba kamati ya zahanati itupe hesabu ya akina mama waliohudhuria kliniki ya wajawazito na waliojifungua palepale, kutoka kwenye daftari la zahanati lenyewe. Muuguzi aliyafungua madaftari yake kwa moyo mkunjufu. Alikuwa ameomba chumba hicho muda mrefu na ripoti zake zilikuwa zinapanda juu na kupotelea huko. Tuliiandika kwa Kiswahili. Afisa mmoja alitaka ya Kiingereza, tukamkumbusha kwamba Katiba inazitambua lugha zote mbili kuwa rasmi, akaipokea.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni jambo dogo lililotusaidia kuliko yote. Kila barua tuliyopeleka tulichapisha nakala mbili. Moja tuliiacha, nyingine ikagongwa muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, tukarudi nayo. Mara ya kwanza karani alisema muhuri uko kwa bosi na bosi ametoka. Tulikaa kwenye benchi hadi bosi akarudi. Barua isiyo na muhuri, ikipotea, imepotea na wewe. Yenye muhuri hutaingia nayo kwenye ofisi yoyote ukaambiwa hawakujui. Nilinunua faili la plastiki la kuziwekea, na faili hilo limeniheshimisha mbele ya maofisa kuliko maneno yangu yote.

Februari 2024 tulikwenda makao makuu ya kaunti kwa mkutano wa ule waraka wa mkakati wa fedha. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 600 kwa mtu mmoja, na siku nzima ya soko ilipotea. Hakuna soda huko, na walio ndani ni wachache. Lakini ndimo tulimojua kwamba kila kaunti inatakiwa kisheria kuwa na jukwaa la bajeti na uchumi, ambamo pamoja na gavana na mawaziri wake wanakaa wawakilishi wa wanawake, wafanyabiashara, wafanyakazi, watu wenye ulemavu, wazee na mashirika ya dini. Tukamtafuta anayewakilisha wanawake. Alishangaa kwamba kuna watu wanaomtafuta, akachukua nakala ya barua yetu. Kama kaunti yako ina jukwaa hilo, tafuta majina ya walio ndani. Hao huingia vyumba ambavyo wewe hutaingia.

Mwisho wa Aprili makadirio yalipotoka, mstari wetu ulikuwa na tarakimu mbele yake: shilingi milioni 4. Bunge la kaunti likapitisha bajeti Juni. Tulichinja kuku.

Juni hiyohiyo ndiyo ile ya Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kuongeza kodi na vijana wakaupinga barabarani. Binti yangu alikuwa anasoma Nairobi na alishiriki maandamano. Usiku wa tarehe 25 Juni, siku ambayo waandamanaji waliingia Bungeni, simu yake haikupatikana hadi karibu alfajiri, na sitaki kuueleza usiku ule zaidi ya hapo. Tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatatia sahihi mswada. Wapo wazazi ambao hawakuwapata watoto wao. Makumi ya vijana waliuawa katika majuma yale. Nilifurahi mswada ulipoanguka na hadi leo naona vijana walikuwa na haki.

Nilichokuwa sijakijua ni kwamba mawimbi yale yangefika hadi kwenye pazia la kijani la zahanati yetu. Sheria ya mgawanyo wa mapato ya mwaka huo ilikuwa imezitengea kaunti zote shilingi bilioni 400.1. Mswada wa Fedha ulipoanguka, serikali ya kitaifa ikataka kiasi hicho kipunguzwe. Seneti ikakataa, Bunge la Kitaifa likakubali, wakavutana miezi mingi, na mwishoni mwa mwaka wakasuluhishana kwa bilioni 387.4. Wakati wote huo kaunti zilikuwa hazijui zitapata ngapi. Kisha kaunti yetu ikaandaa bajeti ya ziada, ile inayobadilisha bajeti iliyokwisha kupitishwa, mwanzoni mwa 2025, haraka haraka, bila mkutano wowote katika wadi yetu. Nilipomuuliza yule kijana wa mipango alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akaniambia nitafute nakala nijionee mwenyewe. Mstari wetu ulikuwa umeondolewa.

Sokoni maneno yakaenea kwamba watoto wa maandamano ndio waliotunyima zahanati. Mama mmoja ninayemheshimu aliniambia usoni, "Binti yako na wenzake walijua kuandamana, sasa na chumba waje watujengee." Niliumia. Nilikaa na hesabu ile juma zima. Kwa nchi nzima, kilichopunguzwa kilikuwa kama shilingi 3 katika kila shilingi 100. Mradi wetu uliondolewa shilingi 100 zote. Upungufu ulitoka Nairobi, hilo sikatai, lakini mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba kitakachokatwa ni chumba cha kujifungulia alikuwa hapa kwetu, kwenye kaunti yetu, na ndiye tuliyestahili kumuuliza. Nimeona jambo hili likirudi mara nyingi. Siasa za kitaifa hutoa sababu nzuri, na uamuzi wa hapa nyumbani hujificha nyuma yake.

Ili kuuliza tulihitaji karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ombi lenyewe halilipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya fotokopi tu. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hizo, na kama hujui kuandika, afisa anatakiwa akusaidie. Tuliandika tukiomba vitu viwili kwa majina yake: bajeti ya ziada kama ilivyopitishwa, na orodha ya miradi ya afya iliyoondolewa au kupunguzwa. Usiombe "habari zote kuhusu zahanati". Utapewa mzigo usiosomeka au hutapewa kitu.

Siku 21 zikapita kimya. Tukapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman, tukiambatanisha nakala yenye muhuri. Baada ya tume kuandikia kaunti, karatasi zikatoka. Pamoja nazo tulisoma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo ya mwaka, zikionyesha kaunti moja moja imepokea kiasi gani na imetumia kwa mambo gani. Ziko wazi mtandaoni na ni bure. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua, na hapo ndipo vijana wa wadi walipotuingilia kati na kutusaidia sana, kwa sababu macho yangu na majedwali yale hayakuelewana.

Tulichokiona kilikuwa na pande mbili, na nataka niwe mkweli kwa pande zote. Sehemu ya pesa za miradi ya afya ilihamishiwa kulipa madeni ya makandarasi waliofanya kazi miaka ya nyuma. Hao ni watu waliokopa benki wakajenga na hawakulipwa. Sina neno nao. Sehemu nyingine ilikwenda kwenye safari na ukarimu. Hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike ombi rasmi kwa bunge la kaunti.

Haki ya kuliandikia bunge la kaunti imo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Ombi huandikwa kwa karani wa bunge, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Lieleze tatizo, umelipeleka wapi kabla na ukajibiwaje, kama jambo liko mahakamani au haliko, na mwisho unaomba bunge lifanye nini hasa. Sisi tuliomba mambo mawili tu: mradi urudishwe kwenye bajeti ya 2025/26, na idara ieleze mbele ya kamati kwa nini uliondolewa wote. Halafu kila anayeunga mkono anaandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi.

Kitambulisho ndicho kilichotukwamisha. Watu wengi waliokuwa nasi kwa maneno walirudi nyuma walipoona safu ya namba. Hofu yao ilikuwa na msingi: mwaka wa 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Hatukumlaumu mtu. Tuliandika kichwa cha ombi juu ya kila ukurasa wa sahihi, ili ukurasa usiweze kuchomolewa na kubandikwa kwenye jambo jingine, tukakipa kila kijiji nakala ya kurasa zake, na karatasi zenyewe zikakaa kwa mwalimu mstaafu peke yake. Wengine walirudi, wengine hapana.

Maneno nayo yakaanza. Nikaambiwa nimetumwa na mpinzani wa mheshimiwa, kwamba natafuta kiti 2027. Mtu alimpigia mume wangu simu akamwambia "amtulize mama". Wanachama wawili wa chama wakajitoa, mmoja wao rafiki yangu wa tangu shule, kwa sababu mwanawe ana kibarua cha kaunti. Siku hizo nililia zaidi ya nilivyotarajia. Ukianza safari hii, zungumza na watu wa nyumbani mwako mapema, wajue unachofanya na kwa nini, ili simu kama ile ikipigwa imkute mtu anayejua la kujibu. Mume wangu alijibu kwamba mama ametulia sana.

Kilichopoza moto ni ushauri wa mzee wa kijiji. Alisema mwakilishi wa wadi asisikie ombi hili bungeni kama wageni wengine. Tumpelekee yeye kwanza, na tumwombe aliwasilishe. Baadhi yetu walipinga, wakisema atatupiga danadana. Tulikwenda, tukamweka mbele ya karatasi: mpango wa miaka 5, mpango wa mwaka, bajeti iliyopitishwa na yeye mwenyewe akiwa ndani, kisha bajeti ya ziada. Alizipitia kimya kwa muda mrefu. Akasema, "Mimi pia sikuambiwa kwamba huu umetolewa." Sijui kama ni kweli. Aliwasilisha ombi, kamati ya afya ikatuita, tukajieleza, na katika bajeti ya 2025/26 mradi ukarudi. Sifa amezichukua yeye na tumemwachia, kwa sababu siku ya kujifungua hakuna mama atakayeuliza chumba kilitoka kwa nani.

Mkandarasi alipofika hatukurudi nyumbani kulala. Tuliomba nakala ya BQ, ile orodha ya vifaa na vipimo, na fundi mmoja wa kijijini akawa anapita jioni kulinganisha. Aliona nondo za linta ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Hakugombana na mtu. Alipiga picha na kipimo kikiwa kando yake, tukaipeleka kwa mhandisi wa kaunti ndogo pamoja na barua, yenye muhuri bila shaka. Nondo zikabadilishwa kabla ya zege kumwagwa. Baada ya zege kukauka, barua hiyo ingekuwa karatasi tu.

Sasa chumba kipo, kina vitanda viwili na maji ya tangi. Usiku bado kinafungwa, kwa sababu zahanati ina muuguzi mmoja na binadamu lazima alale. Tulidhani mtu huja pamoja na jengo. Kumbe jengo liko kwenye bajeti ya maendeleo, na mshahara uko kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida, ambako nafasi huombwa na idara na kuajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Ni mlango mwingine kabisa, una foleni yake na barua zake. Ningekuwa naanza leo ningeomba vyote viwili kwenye barua moja tangu mwanzo: chumba, na watu wa kukifungua usiku. Vilevile vifaa, dawa na umeme wake. Miradi mingi tunayoiona nchini imejengwa ikafungwa kufuli imekwama hapohapo.

Kuhusu gharama, chama kililipa nauli na fotokopi kwa mchango wa shilingi 50 kila wiki, na tuliandika kila senti kwenye daftari ambalo mwanachama yeyote anaweza kulisoma. Hatukuchukua pesa za mwanasiasa yeyote, ingawa zililetwa. Hata nauli ya siku moja ingetosha kumpa mtu neno la kutuambia.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Baada yake serikali mpya za kaunti zitatunga mpango wa miaka mingine 5, na kama 2022 ni kielelezo, wakati huo wote tutakuwa tunabishana kuhusu urais. Anayetaka maji, soko, barabara ya kijiji au chekechea ndani ya kipindi hicho aanze sasa kuandika ukurasa wake mmoja, akusanye hesabu zake, na aanze kupita kwenye ubao wa msimamizi wa wadi kila wiki kura zikishahesabiwa. Sisi barua ya muuguzi wa pili tumeshaipeleka kwa idara ya afya na nakala kwa bodi ya utumishi. Zote zimegongwa muhuri, na Februari tutakuwa makao makuu.